Tarakilishi "nzito" si lazima iwe imezeeka

Huwa nawafundisha wanafunzi wangu wa isimu kulishuku neno lolote linalobebeshwa maana nyingi mno. Neno "nzito" ni mojawapo. Chakula huwa kizito, kichwa huwa kizito, mtu mwenye cheo serikalini huwa mzito, na tarakilishi ya shule ikikawia kufungua dirisha, nayo huambiwa ni nzito. Kutoka neno hilo hadi hukumu ya kifo ni hatua fupi: mashine imezeeka, iuziwe wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na bodi ya shule itafute fedha za kununua nyingine.

Sipingi kwamba mashine huzeeka. Ninalolipinga ni hukumu inayotangulia ushahidi. Tarakilishi inayokawia kuamka asubuhi, inayokawia kuhifadhi faili, na inayokawia kuchora picha kwenye skrini zinaugua maradhi matatu tofauti, ingawa sisi huziita zote kwa jina moja. Leo ningependa kuuzungumzia ugonjwa wa tatu pekee, kwa sababu ndio unaowahadaa wengi, na kwa sababu tiba yake aghalabu haigharimu hata shilingi moja.

Walimu wa maabara watazitambua dalili zake. Mwalimu hufungua waraka mrefu na kuanza kupandisha maandishi. Mistari ikapanda kwa kusitasita, mmoja baada ya mwingine, mithili ya mzee apandaye ngazi. Akiburuta dirisha, linaacha mikia nyuma yake. Akifungua picha, inajaa kutoka juu kwenda chini kama pazia linaloteremshwa. Ilhali mashine iyo hiyo ikipewa jedwali refu la hesabu hulimaliza upesi, na faili huhifadhiwa bila taabu. Hapo ndipo penye siri. Mashine ambayo kichwa chake kinafanya kazi na mkono wake hauchori haiwezi kusemwa kuwa ni nzito tu na mambo yakaishia hapo.

Kila tunachokiona kwenye skrini huwa kwanza kimeandikwa kama tarakimu katika kumbukumbu maalumu ya kadi ya michoro. Skrini yenye nukta 1024 kwa 768 ina jumla ya nukta 786,432. Ikiwa kila nukta inatumia baiti 2 kueleza rangi yake, picha nzima ni baiti 1,572,864. Ikiwa inatumia baiti 4, picha ni baiti 3,145,728. Kadi iliyo na programu yake mwafaka ya kuiendesha hujifanyia sehemu kubwa ya kazi hii: prosesa huiagiza isogeze mstatili fulani mahali fulani, nayo ikatii. Lakini mara nyingi tarakilishi kuukuu huwekewa mfumo wa uendeshaji usio na programu ya kadi yake. Hapo mashine hurudi kwenye utaratibu wa jumla uitwao VESA, unaoeleweka na kadi nyingi za zamani, na prosesa yenyewe ikalazimika kuibeba kila nukta hadi kwenye kadi. Kasi ya skrini basi huamuliwa na njia iliyopo baina ya hao wawili.

Njia hiyo imepanuliwa mara kadhaa. Ile iitwayo ISA, ya miaka ya 1980, ilipitisha biti 16 kwa mapigo yapatayo milioni 8 kwa sekunde. Mwaka 1992 ikaja PCI, yenye biti 32 na mapigo milioni 33, yaani megabaiti 132 kwa sekunde kwa hesabu ya karatasini. Mwaka 1997 mashine zenye njia ya AGP, iliyotengewa kadi ya michoro peke yake, zikaanza kuuzwa. Mtu akizitazama tarakimu za PCI atasema kwamba megabaiti 132 zinatosha kuijaza skrini yetu ya baiti 2 zaidi ya mara 80 katika sekunde moja. Mbona basi inakokota?

Jibu limo katika namna mzigo unavyopakiwa. Chukua matatu ya abiria 14 itokayo Nairobi kwenda Nakuru. Dereva akiondoka kila apatapo abiria mmoja, barabara haitakuwa imepungua upana, wala injini haitakuwa imedhoofika, lakini kufikia jioni watu watakuwa wamejaa stendi. Njia ya PCI huendeshwa hivyo hivyo. Kila safari huhitaji pigo moja la kutangaza anwani, kisha pigo la kupitisha data, kisha kwa kawaida pigo la kupumua kabla ya safari nyingine. Prosesa ikituma baiti moja moja, mapigo 3 yanatumika kwa baiti 1, na megabaiti 132 za karatasini zinakuwa 11. Ikituma baiti 4 kwa safari, zinakuwa 44. Lakini ikisubiri hadi ikusanye baiti 32 zinazofuatana, ikatangaza anwani mara moja na kuzimwaga kwa mfululizo, mapigo 10 yanatosha kwa baiti zote 32, na tunapata megabaiti zaidi ya 105. Barabara ni ile ile na gari ni lile lile, ila tofauti ni ya karibu mara kumi. Na hapo nimeikadiria kadi kwa ukarimu, kana kwamba haichelewi kamwe kupokea.

Mwanafunzi mdadisi atauliza kwa nini prosesa haikusanyi mizigo siku zote. Swali hili ni zuri kuliko mengi niyasikiayo kwenye semina. Haikusanyi kwa sababu inaogopa, na hofu yake ina msingi. Si kila anwani iliyo nje ya kumbukumbu kuu ni ya picha. Nyingine ni za vifaa ambavyo kwavyo kila tarakimu inayoandikwa ni amri: anza, simama, geuka. Ukikusanya amri za namna hiyo na kuzituma kwa mkupuo, au ukaibadilisha taratibu yake, kifaa kitafanya kioja. Kwa hiyo msimamo wa prosesa kuhusu anwani za vifaa ni kutokusanya chochote mpaka iambiwe vinginevyo. Inangoja kuambiwa kwamba kuanzia anwani fulani hadi fulani pana picha tupu, na picha haina matata.

Tangu Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa za Intel zimekuwa na rejista za kupokea maelezo hayo, zijulikanazo kwa herufi MTRR. Kila rejista hutaja mwanzo wa eneo, ukubwa wake na aina yake: hili likusanywe, hili lisikusanywe, hili liwekwe kwenye ghala la ndani la prosesa. Mchezo wa Quake uliotoka mwaka 1996 ndio uliowazindua wengi. Watu waliokuwa wametumia fedha nyingi kununua Pentium Pro walishangaa kuona mchezo ukijivuta chini ya mfumo wa DOS, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amezijaza rejista hizo kwa ajili ya kumbukumbu ya michoro. Ikatokea programu ndogo iitwayo FASTVID, iliyoendeshwa mara moja kabla ya mchezo kuanza. Ilizijaza rejista, na skrini ikachangamka. Hakuna kifaa kilichobadilishwa. Pentium Pro wakati huo ilikuwa mashine mpya kabisa, wala haingewezekana kusingizia uzee.

Nimeirejelea historia hii kwa sababu ugonjwa haukuishia kwenye miaka ya 1990. Ulirudi kwa sura nyingine katika mashine ambazo leo zimejaa maabara zetu, zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2010 au hapo karibu, na ambazo zilifika kwetu baada ya kutumika ofisini, nyingine ng'ambo. Rejista za kupangia maeneo zilikuwa 8 tu katika prosesa nyingi za aina hiyo. Isitoshe, ukubwa wa kila eneo lazima uwe namba inayopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili: megabaiti 64, 128, 256 na kuendelea. Huwezi kuomba megabaiti 200. Programu ya BIOS inayoiamsha mashine asubuhi ndiyo huzijaza rejista hizo kwanza, ikieleza kumbukumbu kuu inaanzia wapi na kuishia wapi.

Mashine ikiwa na megabaiti 512 za kumbukumbu kuu, maelezo hayo ni mafupi. Rejista moja yatosha, na zilizobaki ziko huru kwa kadi ya michoro. Ikiwa na gigabaiti 4, mambo yanageuka. Anwani za vifaa nazo zinataka nafasi chini ya kikomo kile kile cha gigabaiti 4. BIOS nyingi ziliamua kutangaza eneo lote kuwa kumbukumbu ya kawaida, kisha kutoboa tundu juu yake na kutangaza kuwa tundu hilo lisikusanywe. Kumbukumbu ya michoro iko ndani ya tundu hilo. Na kanuni ya prosesa ni kwamba rejista mbili zikigongana juu ya eneo moja, ile isemayo "lisikusanywe" ndiyo hushinda. Hata mfumo wa uendeshaji ukija baadaye na ombi lake, rejista ya bure ikapatikana, ombi haliwezi kufua dafu.

Sasa mrejee fundi wetu. Shule imemwita kwa sababu skrini inajivuta. Anashauri iongezwe kumbukumbu, kutoka gigabaiti 2 hadi 4. Shule inalipa. Skrini inazidi kujivuta. Fundi, kwa uaminifu wote, anatikisa kichwa na kusema mashine imekwisha. Wanafunzi wangu waliokuwa kwenye mazoezi ya ualimu wamenisimulia kisa cha namna hii kutoka shule ambayo sitaitaja, na naamini si ya pekee. Dawa iliyonunuliwa ndiyo iliyouzidisha ugonjwa. Simlaumu sana fundi huyo, kwa maana aliambiwa "nzito", na kwa neno hilo kila mtu anajua jibu ni kumbukumbu zaidi.

Haki inanilazimu kuongeza kwamba kumbukumbu si adui. Mashine nyingi za shule hazina kadi ya michoro ya kujitegemea. Michoro yake hukopa sehemu ya kumbukumbu kuu. Katika baadhi ya mashine hizo, kwa mfano zenye chipu ya Intel 865G ya mwaka 2003, kibanzi kimoja cha kumbukumbu aina ya DDR400 hupitisha gigabaiti 3.2 kwa sekunde, na vibanzi viwili vinavyolingana vikichomekwa panapostahili hupitisha 6.4. Hapo kibanzi cha pili kinaleta faida ya kweli, hata kama jumla ya kumbukumbu ni ile ile iliyogawanywa mara mbili. Ndiyo maana nasema tupime kwanza. Ushauri mmoja huponya mashine hii na kuidhuru jirani yake.

Kuna jambo jingine ambalo hata wajuzi hulisahau, nalo ni tofauti ya kuandika na kusoma. Kuandika kwenye kumbukumbu ya michoro ni kama kutia barua kwenye sanduku la posta: unaitumbukiza na kwenda zako. Kusoma ni kumtuma mtoto dukani na kusimama mlangoni ukimngoja. Ruhusa ya kukusanya mizigo huharakisha uandishi tu, haisaidii usomaji. Hata njia ya AGP, pamoja na sifa zake zote, haikumpunguzia sana prosesa muda wa kungoja anaposoma kutoka kwenye kadi. Programu inayopandisha maandishi kwa kusoma skrini nzima na kuiandika upya mstari mmoja juu zaidi imejitafutia balaa. Chukua mfano wa kasi ya kusoma ya megabaiti 8 kwa sekunde: skrini yetu ya baiti 1,572,864 itahitaji karibu sehemu ya tano ya sekunde kwa kila mstari, kabla hata ya kuanza kuandika. Tiba inayojulikana ni kuchora kila kitu kwanza kwenye kivuli cha skrini kilichomo katika kumbukumbu kuu, ambako kusoma ni rahisi, kisha kukinakili kivuli hicho kwenye kadi kwa mkupuo mmoja. Programu ya VESA ya mfumo wa X katika Linux hufanya hivyo bila kuombwa. Aliyeizima, kwa kufuata ushauri wa haraka wa mtu fulani, na aiwashe tena.

Tupime vipi basi? Jaribio la kwanza halihitaji chochote ila saa. Iweke skrini kwenye rangi za biti 32, fungua waraka mrefu, upandishe kutoka mwanzo hadi mwisho na uandike muda. Kisha punguza rangi hadi biti 16 na urudie. Muda ukipungua kwa takriban nusu, mshukiwa ni njia iendayo kwenye kumbukumbu ya michoro, kwa kuwa ndiyo iliyopunguziwa mzigo kwa nusu. Usipobadilika, mshukiwa yuko kwingine, na maelezo yangu yote ya hapo juu hayakuhusu. Hatua ya pili ni kutazama jina la programu inayoiendesha kadi. Likiwa ni la utaratibu wa jumla badala ya lile la kadi yenyewe, tafuta programu halisi kabla ya kugusa kingine chochote. Hiyo peke yake huponya wagonjwa wengi. Kwenye mashine za AGP, angalia pia programu ya chipu ya ubao mkuu, kwani bila hiyo kadi hufanya kazi kana kwamba iko kwenye njia ya zamani.

Anayetumia Linux anaweza kufungua faili iitwayo mtrr iliyo ndani ya saraka ya proc. Ataona rejista zilizojazwa, kila moja na mwanzo wake, ukubwa wake na aina yake, na atazilinganisha na anwani ya kadi. Nitahadharishe hapa: tangu mwaka 2008 Linux imetumia pia utaratibu wa PAT, uliokuja na Pentium III, ambao hutoa ruhusa ya kukusanya kwa kila ukurasa mdogo wa kumbukumbu na ambao hulishinda hata lile tundu la BIOS. Kwa hiyo eneo la kadi kukosekana kwenye orodha hiyo si ushahidi kamili katika mfumo mpya. Ni ushahidi katika mfumo wa zamani. Na hii nayo ni tiba: mashine ya gigabaiti 4 iliyozidiwa na BIOS yake huweza kupona kwa kuwekewa mfumo mpya zaidi pamoja na programu sahihi ya kadi.

Wenye mashine za mwishoni mwa miaka ya 1990 na waingie kwenye BIOS. Nyingi zina kipengele cha kumbukumbu ya michoro chenye machaguo mawili, UC na USWC. La pili ndilo linaloruhusu kukusanya. Lichague, anzisha mashine, na utazame skrini kwa makini. Kadi chache hazilivumilii, na picha huvurugika. Likivurugika, rudisha la kwanza. Jaribio la mwisho ni lile linalowashangaza wanafunzi kuliko yote: zima umeme, chomoa waya, gusa chuma cha kasha, kisha ondoa kibanzi kimoja cha kumbukumbu. Mashine iliyopungukiwa na kumbukumbu ikichora upesi kuliko ilivyochora ikiwa imeshiba, mjadala umekwisha.

Wapo watakaoniuliza kama kuna haja ya taabu yote hii, maadamu mashine mpya zinapatikana. Swali ni la haki. Tarakilishi yenye umri wa miaka kumi na mitano hutumia umeme mwingi kuliko mpya, na ikiwa diski yake inakwaruza au vikapasita vyake vimevimba, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuiaga. Lakini shule nyingi haziko mbele ya chaguo la mpya au kuukuu. Ziko mbele ya chaguo la kuukuu au hakuna. Mashine kumi zikitolewa maabarani, wanafunzi waliokuwa wawili kwa mashine wanakuwa wanne, na wawili kati yao hawatagusa kibodi muhula mzima. Hao watauketia mtihani wa vitendo wa KCSE sawa na wenzao. Na kioo cha skrini za zamani za mrija kina madini ya risasi, kwa hiyo kuitupa nyuma ya jiko la shule si kuiondoa.

Nimeyaeleza haya yote kwa Kiswahili makusudi. Nimewahi kusikia, hata kutoka kwa wenzangu chuoni, kwamba lugha yetu haiwezi kuzungumzia viungo vya ndani vya tarakilishi. (Tanzania wasemao kompyuta, nasi Kenya tuliokumbatia tarakilishi, tuna ugomvi wetu mwingine.) Kinachokosekana ni desturi ya kutofautisha kukawia kwa kuamka, kukawia kwa kuhifadhi na kukawia kwa kuchora, na desturi hiyo haifundishwi kwa Kiingereza pia.

Bodi za shule zinazokaribia kupitisha uamuzi wa kuondoa mashine, naomba zisubiri wiki moja. Mwalimu awape wanafunzi wa Kidato cha Tatu saa na karatasi yenye safu tano: namba ya mashine, muda kwa biti 32, muda kwa biti 16, jina la programu ya kadi, na kiasi cha kumbukumbu. Karatasi hiyo iwekwe mezani mbele ya wanabodi pamoja na ankara ya fundi, na zisomwe zote mbili.